Moshi wa Obadia Ng'ambo ya Kijito

Aprili 22, 1776. Jumatatu.
Upepo wa kaskazini, baridi. Theluji bado imelala chini ya ukuta wa mawe. Hii ni almanaka ya marehemu mke wangu Yoana. Kila siku alikuwa akiandika pembeni, penye nafasi nyeupe: hali ya hewa, kuku waliotaga, nani amefika. Alikoma Januari, kwenye mstari wenye neno moja, "Kifua." Tangu siku hiyo kurasa zimekaa wazi, na mimi sipendi kitu kilichonunuliwa kikae bure. Kwa hiyo nitaandika mimi. Herufi nilijifunza ukubwani, Yoana akizichora kwa kaa juu ya koleo, na sikuchukua muda. Mchungaji mwenyewe alisema hajaona mtu mzima mwenye kichwa chepesi kama changu. Mkono ndio mzito.

Yoana alikuwa na desturi nyingine. Asubuhi alisimama mlangoni akatazama dohani ya Obadia Quimby, jirani yetu ng'ambo ya kijito, ambaye alifiwa na mkewe zamani na anaishi peke yake. Akiona moshi anasema, "Mzee yu hai," ndipo anatenga uji. Huku juu tupo sisi wawili tu. Mji wenyewe uko bondeni.

Moshi wa Obadia upo. Aliyefika: Obadia, kuazima shoka. Lake limevunjika mpini. Sikushangaa.

Aprili 25.
Mvua. Moshi wa Obadia upo. Aliyefika: hakuna.

Aprili 28. Sabato.
Mahubiri marefu, benchi baridi. Mimi na Obadia tunakaa benchi la mbele, kwa kuwa sisi ndio wakongwe. Baada ya ibada watu walisimama mlangoni wakilia kwamba jeshi letu linalopigana na Waingereza huko Kanada limekwama na ndui inalimaliza. Nikawaambia jinsi vita inavyopiganwa. Mwaka wa arobaini na tano, tulipoiendea ngome ya Wafaransa kule Luisburg, mbele yetu kulikuwa na kinamasi, na kila mzinga tulioupitisha ulizama. Tukapigilia mbao tukafanya magari ya kuburuta, yasiyo magurudumu, tukajifunga kamba mabegani kama maksai, tukayavuta usiku na mchana mpaka Wafaransa wakaamka wakakuta mizinga inawatazama. Kamba ya mbele ilikuwa yangu. Obadia alizama mpaka kwapani, nikamtoa kwa ukosi kama mtoto wa mbwa.

"Waambie vizuri," Obadia akasema. "Nani alikuwa ndani ya tope na nani alikuwa juu?"

"Wewe ndani, mimi juu."

"Basi lile tope nililokung'uta masikioni mwako lilikuwa la nani?"

Watu wakacheka. Miaka thelathini ananibishia neno hilohilo. Uzee umemharibu kumbukumbu.

Mei 2.
Jua. Kuku wawili wametaga. Aliyefika: Kalebu Sanborn, mume wa binti yangu Mehetabeli. Yeye ni mjumbe wa mji, na leo alikuja amevaa koti la ibada siku ya kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nimekuja kwa kazi ya mji."

Akatoa karatasi. Imetoka kwa kamati ya koloni letu, iliyoko Exeter. Kila mwanamume aliyetimiza miaka ishirini na moja aweke sahihi kwamba atayapinga kwa silaha, kwa roho yake na kwa mali yake, majeshi na manowari za Waingereza. Atakayekataa, jina lake nalo litaandikwa, mahali pake.

"Soma tena," nikamwambia, si kwamba sikusikia.

Akasoma tena.

"Maneno mazuri. Sitii sahihi."

"Baba, wewe si mtu wa Mfalme."

"Nani kasema mimi ni mtu wa Mfalme? Nilimtukana kabla wewe hujaota ndevu. Akipanda hapa kilimani nitampokea kwa gobore. Andika hivyo, kwamba Yothamu Peaslee kasema. Lakini mkono wangu siuweki."

"Mkono ndio unaotakiwa."

"Basi ndio hamuupati."

Nikamweleza, ingawa alishasikia. Tulipokwenda Luisburg tuliweka alama kwenye karatasi, mimi na mdogo wangu Enoshi. Karatasi ilisema mpaka ngome ianguke, kisha nyumbani. Ngome ilianguka Juni. Makamanda wetu wakatufungia humohumo majira yote ya baridi tuilinde, na watu wakapukutika kwa maradhi. Ardhi ilikuwa imeganda hata jembe haliingii, tukawaweka wafu wetu chini ya sakafu na kuendelea kutembea juu yao. Enoshi ni mmoja wao. Nilipowashika kwa maneno yao, walisema yale maneno yana maana nyingine. Miaka michache baadaye wakubwa wakaketi Ulaya, wakatia sahihi mkataba, wakamrudishia Mfaransa ngome yake, na Enoshi ndani yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi sishtuki. Siugusi tu.

"Hii si karatasi ile, baba," Kalebu akasema polepole.

"Hata ile haikuwa ile, siku niliyoiwekea alama."

Akakunja karatasi yake. Hakugusa pombe ya matofaa niliyommiminia. Nimeinywa mimi.

Mei 5. Sabato.
Obadia amekuja nami njiani mpaka darajani, ananisema kama mke.

"Weka alama, Yothamu. Mimi nimeshaweka. Mstari mmoja tu, hata mkono hauchoki."

"Wewe unaweka alama kwa kila kitu. Wangekupa karatasi ya kukunyonga ungeuliza kalamu iko wapi."

"Watakutenga. Kinu, ghala, mavuno, vyote. Utakaa huku juu uongee na nani?"

"Nitaongea na wewe."

"Na mimi wakinikataza?"

Swali la kipumbavu. Moshi wake ulikuwapo asubuhi.

Mei 13.
Majani ya mwaloni yamefikia ukubwa wa sikio la panya, kwa hiyo nimepanda mahindi. Visubi wamenila shingo. Nimepanda peke yangu konde ambalo mwaka jana tulipanda watu sita. Mistari imenyooka kuliko mwaka jana.

Mei 14.
Nimepeleka gunia kinuni. Mwenye kinu hakuinua macho. "Kuna foleni, mzee." Foleni yenyewe ilikuwa ni mimi na paka. Nimerudi na gunia langu.

Mei 16.
Mvua. Moshi wa Obadia upo. Aliyefika: hakuna.

Mei 17.
Hivyohivyo.

Mei 21.
Haya sasa! Nimekwenda tena kinuni, na mwenye kinu alinifungulia mlango mwenyewe. "Karibu, mzee Peaslee, gunia lako mbele." Dukani wamenipa chumvi na wakaulizia mguu wangu. Nilijua. Mtu akisimama imara watu hunung'unika siku mbili, kisha wanaona haki iko wapi. Nimemwambia Obadia hivyo. Akaitikia tu, "Ndiyo, ndiyo," macho chini, akasema ana ng'ombe anayezaa. Ng'ombe wake alishazaa Machi.

Mei 26. Sabato.
Mehetabeli ameniletea mkate na siagi. Alinibusu kwenye paji la uso, jambo ambalo hajalifanya tangu mazishi ya mama yake. Moshi wa Obadia upo.

Juni 3.
Siku mbaya. Nitaandika yote.

Kalebu alifika asubuhi, mchangamfu. Mji umepanga zamu za kukata nyasi, na konde langu litakuwa la pili. Kisha akanishika bega.

"Na ahsante, baba. Najua haikuwa rahisi kwako."

"Haikuwa rahisi nini?"

"Ile alama."

"Alama gani?"

Uso wake ukabadilika, na mimi nikachukua kofia. Tulishuka bondeni. Nyumbani kwake akafungua kasha, akanionyesha karatasi. Majina, majina, halafu katikati yao mchoro wa gari la kuburuta lenye kamba mbili. Hiyo ni alama yangu tangu Luisburg. Nimeichoma kwa chuma cha moto kwenye mpini wa kila chombo nilicho nacho. Mtoto wa miaka mitatu katika mji huu anaijua.

"Obadia alisema mguu unakuuma," Kalebu akasema. "Alisema umemtuma akuwekee."

"Na wewe ukaamini."

"Nilitaka kuamini."

Nikamwambia afute. Akanipa kalamu. Nikasema kalamu ya karatasi ile siishiki hata kwa kufutia. Aliyeipokea alama aifute yeye. Mehetabeli akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Baba, hukuombwa kutia sahihi wala kufuta. Kaa kimya tu! Ni kazi kubwa hiyo, kukaa kimya?"

"Alama yangu haitasema uongo nikiwa hai."

"Na mzee Obadia? Unajua watamfanya nini?"

"Angelifikiria hilo kabla."

"Mama angekuwapo..."

"Mama yako hayupo."

Kalebu alipiga mstari. Niliomba apige wa pili.

Kurudi nilipita kwa Obadia. Alikuwa ameketi kizingitini ananoa mundu mrefu wa kukatia nyasi, na aliponiona tu alijua.

"Umefuta," akasema.

"Nimefuta. Nani alikupa mkono wangu?"

"Hakuna aliyenipa."

"Mwizi wa mahindi anaiba mahindi. Wewe umeniiba mimi."

"Yothamu, keti kwanza."

"Sitaketi. Wala usivuke kijito."

Alitaka kusema kitu. Sikungoja.

Juni 9. Sabato.
Walimsimamisha Obadia kwenye njia katikati ya mabenchi. Shemasi akasoma kosa lake, kughushi alama ya jirani na kuidanganya kamati. Obadia akasema, "Nimekosa," kwa sauti ndogo. Mtu mmoja nyuma akacheka. Kisha wakamwondoa benchi la mbele wakamweka la nyuma kabisa, chini ya ngazi, wanapokaa vibarua. Mimi hawakunihamisha, maana mimi sikudanganya mtu. Nimekaa benchi la mbele peke yangu. Ni refu kuliko nilivyodhani.

Juni 12.
Waliofika: watu watatu wa kamati, na Kalebu nyuma yao. Wasiotia sahihi hawaruhusiwi kukaa na silaha. Gobore langu lilikuwa ukutani juu ya meko, lilelile la Luisburg. Niliwapa mwenyewe, na nikawaonyesha linavyovuta kushoto. Kalebu ndiye aliyelibeba. Alilibeba vizuri, kama mtu anayebeba mtoto wa mtu. Ukutani pamebaki alama nyeupe.

Juni 13.
Aliyefika: hakuna. Moshi wa Obadia upo. Naandika kwa sababu Yoana aliandika, si kwamba nautazama.

Juni 17.
Jua kali. Mwenye kinu amerudia foleni yake. Natwanga mahindi mwenyewe kwenye kisiki. Uji unakuwa na punje, lakini meno yangu ni mazuri kuliko ya vijana wengi.

Juni 21.
Aliyefika: hakuna.

Juni 22.
Hakuna.

Juni 26.
Kulungu amekula maharage. Ameniona, akaendelea kula. Hata yeye amesikia kwamba sina gobore.

Julai 5.
Nimeanza kukata nyasi. Kila mwaka mimi ndiye niliyeongoza mstari wa wakataji, wengine wakinifuata kwa kupishana hatua, na ole wake aliyeachwa nyuma. Leo nimeongoza. Nilipogeuka, nyuma yangu palikuwa na nyasi tu.

Julai 9.
Mgongo. Nusu konde limelala chini linakauka. Ng'ambo Obadia naye anakata peke yake. Mwanawe yuko na jeshi kwenye ngome ya Ticonderoga, na mji haukumpangia Obadia zamu baada ya yale. Anasimama kila baada ya muda na kushika kiuno. Hajui kunoa mundu, nilimwambia tangu zamani.

Julai 14. Sabato.
Mvua imeanza.

Julai 16.
Mvua. Nyasi nilizokata zinaoza.

Julai 17.
Mvua usiku kucha, imeingia kwenye dohani, na asubuhi meko yalikuwa matope ya majivu. Moto umezimika. Moto ule Yoana alikuja nao kwa chungu siku ya harusi yetu, makaa kutoka meko ya mama yake, na tangu hapo haujawahi kuzimika humu ndani. Nimegonga jiwe la gumegume mpaka vidole vikatoka damu. Cheche zipo, lakini kitambaa cha kuwashia kimelowa kila uzi. Watu wa kwetu moto ukiwazimikia huchukua chungu wakaenda kwa jirani kuomba makaa. Hata maadui hawanyimani makaa.

Mimi sikwenda. Nimekula unga wa mahindi na maji baridi.

Julai 18.
Mvua. Asubuhi juu ya ukuta wa mawe, upande wangu wa kijito, palikuwa na chungu cha chuma chenye kifuniko. Kilikuwa kinatoa mvuke kwenye mvua. Nakijua chungu kile, sikio lake moja limevunjika. Ameona dohani yangu haina moshi.

Nimekitazama kutoka mlangoni. Nilimwambia asivuke kijito. Kufikia adhuhuri mvuke ulikuwa umekwisha.

Julai 19.
Chungu hakipo. Mvua. Moshi wa Obadia upo. Nimevaa makoti mawili.

Julai 20.
Jua! Nimekausha kitambaa juu ya jiwe, nikachukua miwani ya Yoana ya kusomea, nikaliita jua lipite kwenye kioo mpaka kitambaa kikashika moto. Ni watu wangapi wa umri wangu wangefikiria hilo? Nilipiga kelele kwa furaha, nikageuka kumwambia mtu.

Julai 29.
Nimeingiza nyasi zilizopona. Maksai mmoja itabidi aende kabla ya baridi, chakula hakitawatosha wote wawili.

Agosti 1.
Kengele ililia ingawa si Sabato. Nilishuka, nikasimama nje karibu na dirisha. Mchungaji alisoma tangazo lililochapishwa, la wakubwa wote waliokutana Filadelfia. Linasema makoloni haya si ya Mfalme tena, ni huru, na limetaja makosa ya Mfalme moja baada ya jingine, mpaka nikaanza kumpenda aliyeandika. Maneno mazuri. Mwisho wamefunga kwa kuahidiana roho zao, mali zao na heshima yao. Nami nikawaza, hawa wameshika kamba moja, ngoja tuone wakizama nani atamvuta nani.

Watu walipiga kelele za shangwe. Mimi nilivua kofia, hapo nje. Hakuna aliyeona, na sikuivua ili nionekane.

Obadia alitoka wa mwisho. Amekonda. Alikohoa, akashika ukuta. Tulitazamana. Nilingoja aanze yeye. Nadhani naye alingoja. Mvua ikaanza kunyunya, kila mmoja wetu akashika njia yake, ambayo ni njia moja. Yeye alitangulia, mimi nyuma, umbali wa kutupa jiwe, kilima chote.

Agosti 6.
Joto. Wanasema askari waliorudi wameleta ugonjwa wa kuhara damu. Moshi wa Obadia upo, mwembamba.

Agosti 11. Sabato.
Benchi la nyuma, chini ya ngazi, mahali pa Obadia palikuwa wazi.

Agosti 14.
Moshi wa Obadia ulichelewa.

Agosti 15.
Moshi haupo.

Nilingoja mpaka jua likapita juu ya mti wa tofaa. Nikasema labda anakula baridi kwa sababu ya joto. Nikalisha kuku. Nikarudi mlangoni. Kisha nikatia makaa kwenye chungu nikavuka kijito, viatu vyote vimejaa maji.

Alikuwa kitandani, na harufu humo ndani sitaiandika. Meko yalikuwa baridi. Nilipiga magoti nikawasha, na yeye akafungua jicho moja.

"Nani huyo?"

"Nani mwingine?"

"Umechelewa, mkaidi wewe."

"Njia ilikuwa na tope."

"Ni Agosti."

"Nyamaza, nakutengenezea uji."

Nimemwosha, nimembadilishia shuka. Ni mwepesi kama kiota cha ndege. Nimelala huko kwenye kiti. Haya naandika nimerudi mara moja kulisha wanyama.

Agosti 16.
Aliyefika, kwa Obadia: Mehetabeli na mchuzi. Alinikuta nafua mashuka. Alikunja mikono ya gauni akashika upande wa pili wa shuka, tukakamua pamoja.

Agosti 17.
Anakunywa kidogo. Jioni alikuwa na akili zake.

"Makaa yangu uliyaacha yakafa," akasema.

"Yalikuwa na majivu mengi."

Alicheka mpaka nikamshika asianguke. Baadaye nikamwuliza, kwa nini aliweka ile alama.

"Nilitaka mtu wa kuvuta naye," akasema. "Gari lile halivutwi na mtu mmoja. Wewe unajua."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza, mpaka darajani. Wewe hata jua ungetaka likuombe ruhusa kabla ya kuchomoza." Kisha akafumba macho, nikadhani kalala. "Yothamu. Kule kinamasini ni wewe uliyezama."

"Ni homa hiyo."

"Ulikuwa unamwita mama yako. Nilikuvuta kwa ukosi."

"Lala, Obadia."

Homa inamchanganya.

Agosti 19.
Obadia amefariki alfajiri. Mvua nyepesi. Nilikuwa nimemshika mkono, kwa ajili ya mapigo ya damu.

Agosti 20.
Mji mzima ulipanda kumzika, hata yule aliyecheka. Shemasi alisema alikuwa mtu mwema. Nilitaka kumwuliza alilijua lini. Baada ya hapo Kalebu alibaki.

"Orodha imeshakwenda Exeter, baba. Jina lako liko mahali pake. Peke yake."

"Umeliandika vizuri?"

"Nimeliandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu bora." Akageuza kofia mikononi. "Kama ungetaka, naweza kupeleka neno kwamba..."

"Hapana."

"Nilijua. Mehetabeli alisema nikuulize tu."

Nilimtazama akishuka kilima. Nilikuwa nikimwona kijana anayebebabeba karatasi za wakubwa. Nimebadili kidogo. Mtu anayeandika vizuri jina la anayempinga si mtu mbaya.

Agosti 24.
Nimeamka nikakuta kona ya konde iliyobaki imekatwa, nyasi zimetandazwa vizuri. Mkataji anainua mundu mno mwisho wa mkato. Kalebu hukata hivyo. Nitakaa na maksai wote wawili.

Agosti 29.
Nimemaliza ubao wa kaburi la Obadia, wa mwaloni. Herufi zimeanza kubwa zikaisha ndogo kwa sababu Quimby ni jina refu. Chini nimechonga gari la kuburuta lenye kamba mbili. Kalebu, aliyenisaidia kuusimika, akauliza, "Hiyo si alama yako, baba?"

Nikamwambia ni yetu.

Septemba 1. Sabato.
Mlangoni baada ya ibada mtu mmoja alinisalimu, wa kwanza tangu Juni. Kijana. Aliniuliza habari za Luisburg. Nilianza: kinamasi, mizinga, kamba ya mbele. Nikafika penye tope, nikasema Obadia alizama mpaka kwapani. Kisha nikanyamaza, kwa desturi, nikingoja. Kijana naye akangoja. Hakuna aliyebisha. Sasa naweza kusimulia nitakavyo.

Nikamwambia nimesahau inavyoendelea.

Septemba 2.
Jalidi ya kwanza, nyembamba, kwenye nyasi. Upepo wa magharibi. Kuku mmoja ametaga. Kabla ya kula nilivuka kijito na chungu cha makaa nikawasha meko kwa Obadia. Nyumba isiyowashwa moto huingia unyevu, mihimili ikaoza, na mwanawe akirudi kutoka Ticonderoga atakuta gofu. Hiyo ndiyo sababu. Niliweka gogo kubwa la mwaloni, linaloungua polepole, nikarudi nyumbani, nikasimama mlangoni, ndipo nikatenga uji.

Aliyefika: hakuna.

Moshi wa Obadia upo.